Mkanda Hautolewi kwa Huruma

Tulipoanza kuwafundisha mabinti zetu karate ya Shotokan, tulidhani kazi ni kuonyesha ngumi na mateke tu. Mtihani wa kwanza ulitufunza mengine. Heian Shodan, zoezi la mwanzo, lina miondoko 21. Binti mmoja mpole, asiyekosa darasa hata siku moja, aliisahau katikati, akatutazama huku machozi yakimlengalenga. Tulitamani kumpa mkanda wa manjano. Lakini mkanda ni ushahidi, na ushahidi ni amana: siku ya hatari, binti atategemea kile tulichomwambia anakiweza. Tukamnyima; tukamweleza kosa lake faraghani, mamake akiwapo, kisha tukarudia naye hatua kwa hatua. Miezi mitatu baadaye aliupata kwa haki. Enyi wazazi, msituombe huruma, tuombeeni uadilifu.