Je, Wajua? Kitufe Unakiona, Skripti Inakikana

Skripti ya Selenium, programu ya kujaribu kurasa za wavuti iliyoanzia Chicago mwaka 2004, inaweza kukana kitufe kilicho mbele ya macho yako. Ilipokipata mwanzo haikubeba kitufe chenyewe. Ilibeba rejeleo tu, kama namba ya kibanda sokoni. Ukurasa ukipakiwa upya, kibanda kimebomolewa, kingine kimejengwa palepale, rangi ileile. Namba ya zamani haifiki popote, jaribio linaanguka.

Maandishi, kinyume chake, hunakiliwa. Ukishasoma “Salio: 5,000” ni yako, hata salio likishuka hadi 200. Hapo ndipo penye hatari: nakala iliyochakaa haipigi kelele.

Kituko kingine: jaza jina kwenye kisanduku cha fomu, kisha uiombe skripti maandishi ya kisanduku hicho. Jibu? Tupu! Jina limehifadhiwa kama thamani ya kisanduku, si kama maandishi yake.