Faida ya Vitabuni na Fedha Iliyo Mkononi: Namna ya Kupima Ubora wa Faida ya Kampuni

Mkulima wa Mahurunga, mkoani Mtwara, ambaye korosho zake zimeuzwa lakini malipo hayajaingia benki, ana haki ya kusema amepata mapato. Hawezi, hata hivyo, kulipa ada ya shule kwa mapato hayo. Novemba 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa Sh. 3,300 kwa kilo, mwenye kilo 1,000 alihesabu Sh. 3,300,000, fedha zenyewe zililipwa kwa awamu, baada ya uhakiki.

Hesabu za kampuni nazo zina hali hiyo. Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, vinavyotumika nchini tangu 2004, mauzo huandikwa yanapofanyika, hata kama mnunuzi hajalipa. Utaratibu huo ni sahihi, kwani huonesha kazi iliyofanyika katika mwaka husika. Hata hivyo, faida inayotangazwa huwa na madeni ambayo huenda yasilipwe, pamoja na makadirio ya uongozi kuhusu thamani ya bidhaa zilizo ghalani na uchakavu wa mitambo.

Kipimo cha sehemu hiyo isiyo fedha taslimu ni uwiano wa malimbikizo. Chukua faida baada ya kodi, toa fedha taslimu zilizotokana na uendeshaji, kisha gawanya kwa wastani wa mali za kampuni za mwanzo na mwisho wa mwaka. Kwa mfano, kampuni yenye faida ya Sh. milioni 500, fedha za uendeshaji Sh. milioni 100 na wastani wa mali wa Sh. bilioni 4, ina uwiano wa asilimia 10. Nyingine yenye faida na mali kama hizo, lakini iliyokusanya Sh. milioni 520, ina uwiano wa hasi asilimia 0.5. Faida ni ileile; ya pili ni ya kuaminika zaidi. Mwaka 1996, mtafiti Richard Sloan alionesha, kwa takwimu za kampuni za Marekani, kwamba faida inayotokana na malimbikizo hudumu kwa muda mfupi kuliko ile inayotokana na fedha taslimu.

Uwiano mkubwa pekee hauthibitishi udanganyifu. Mfanyabiashara wa korosho anayefunga hesabu Desemba 31, katikati ya msimu, lazima awe na wadaiwa wengi na maghala yaliyojaa. Afananishwe na Desemba zilizopita. Aidha, kwa benki kipimo hiki hakifai, kwa kuwa mikopo ndiyo biashara yake.

Uwiano mdogo nao huweza kupotosha, na hili ndilo linalosahaulika mara nyingi. Kampuni inayochelewesha malipo ya wakulima hubaki na fedha nyingi mwisho wa mwaka, na uwiano wake huvutia. Kwa hiyo, msomaji aangalie pia kiasi inachodaiwa na waliyoiuzia malighafi.

Takwimu zote hizo zimo katika taarifa ya faida na hasara, taarifa ya mtiririko wa fedha na mizania, ambazo kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hutakiwa kuzichapisha. Kwa vyama vya ushirika, hesabu zilizokaguliwa huwasilishwa kwenye mkutano mkuu, ambako mwanachama anayo haki ya kuuliza ni kiasi gani cha ziada iliyotangazwa kipo benki.