Fahamu: Mzee wa miaka 85 anapolazwa
Katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala, Kinondoni, kama kwingine nchini, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anastahili kutibiwa bure. Umri huo umo kwenye Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003.

Kwa aliyefika 85, gharama ni nusu tu ya habari. Kulala muda mrefu kwenyewe humdhoofisha: misuli hunywea ndani ya siku chache, na usiku anaweza kuchanganyikiwa, akamwita marehemu mumewe. Huo si uchawi. Huenda ni maambukizi, dawa au upungufu wa maji. Mwambieni nesi mapema. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, asitoke vidonda mgongoni na makalioni. Na miwani yake, jamani, isiachwe nyumbani.