Cheti Kimoja, Milango Miwili: Athari za Kutenganisha Tiba na Uuzaji wa Dawa

Katika jamii ya jadi, aghalabu mganga ndiye aliyetambua maradhi na ndiye aliyetoa dawa. Hospitali ya kisasa imemgawa mganga huyo kuwa watu wawili: daktari aandikaye cheti na mfamasia atoaye dawa. Makala haya yanaeleza athari za kuufikisha mgawanyo huo kwenye fedha, yaani anayeagiza dawa asinufaike na mauzo yake.

Hoja ya msingi ni bayana: mwenye kufaidi mauzo huenda akaandika dawa nyingi kuliko zinazohitajika. Korea Kusini ilitenganisha kazi hizo mwaka wa 2000, na madaktari wakagoma. Matumizi ya viuavijasumu yalipungua, lakini gharama zikapanda kwa kuwa ada za madaktari ziliongezwa. Nayo Uchina iliziruhusu hospitali za umma kuongeza asilimia 15 juu ya bei ya dawa. Nyongeza hiyo ilifutwa kote kufikia 2017, na ada za huduma nyingine zikapandishwa kufidia pengo.

Nchini Kenya, sera ya kuchangia gharama ilianza mwaka wa 1989, na sheria ya 2023 inaziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yao. Hata hivyo, utenganisho unaomfika mgonjwa wetu mara nyingi hutokana na uhaba wala si sera. Bohari ikiwa tupu, hupewa cheti akanunue nje. Tumchukue mchuma chai wa viungani mwa Kapkatet, Kaunti ya Kericho, alipwaye kwa kilo. Ameshaonwa na daktari, ila dawa iko dukani kwa bei ya duka. Asipomudu dozi nzima, atanunua nusu. Nusu ya kiuavijasumu huacha ugonjwa na kuvizoesha vijidudu dawa. Fauka ya hayo, mwandika cheti akiwa na hisa katika duka hilo, utenganisho ni wa jina tu.

Ni dhahiri, basi, kwamba utenganisho una manufaa kwa masharti matatu: bohari iwe na dawa muhimu, serikali ifidie mapato yanayopotea, na cheti kitaje dawa yenyewe badala ya jina la kibiashara, ili mgonjwa achague iliyo nafuu. Bila hayo, atautoka mlango wa tiba na kukwama nje ya mlango wa dawa.