Je, Wajua? Ngoma za Uluguru Ndani ya Kompyuta ya Linux

Je, wajua kuwa Morogoro, mji kasoro bahari, ndiyo iliyolea Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe? Mwaka 1970 Mbaraka alipiga muziki Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70.

Je, wajua kuwa leo kijana wa Kihonda, mjini Morogoro, anaweza kupanga bendi nzima kwa sampula? Hiyo ni programu inayochukua sauti halisi iliyorekodiwa na kuitoa kila anapobonyeza kinanda. Kwenye Linux zipo LinuxSampler, sfizz na FluidSynth, na zote hupakuliwa bure.

Je, wajua kuwa faili la SF2 hubeba sauti zote na mpangilio wake pamoja? FluidSynth hulifungua mara moja. Kwa anayeanza, linatosha.

Je, wajua kuwa faili la SFZ, muundo mwingine wa sampula, ni maandishi matupu? Ukiandika sample=ngoma.wav key=60 chini ya <region>, ngoma yako inakaa kwenye C ya katikati ya kinanda. Ongeza lovel=64, na sauti hiyo itasikika kwa pigo kali tu; pigo laini lipe rekodi yake.

Je, wajua kuwa kipimo cha tune hupandisha au kushusha sauti kwa senti, na senti 100 ni nusu toni? Basi filimbi ya mzee wa Matombo haina haja ya kulazimishwa ifuate piano.

Je, wajua kuwa dakika moja ya WAV ya mono, ya kiwango cha CD, ni kama megabaiti 5? FLAC huipunguza bila kupoteza chochote. MP3 hukata sehemu ya sauti, tena huongeza ukimya mfupi mwanzoni, na pigo linachelewa.

Je, wajua kuwa sampula iitwayo Kontakt haina toleo la Linux? Kabla ya kununua sauti, uliza kwanza ziko katika muundo gani.

Kwa kazi ya kudumu, chagua SFZ pamoja na WAV au FLAC: hata programu ikifa, sauti zako zitabaki zako. Kijana wa Morogoro, panda milima ya Uluguru hadi Mgeta au Kinole, waombe wazee ruhusa, rekodi kila pigo la ngoma zao na uandike jina la mpigaji. Fanya hivyo wangali hai.