Mwaridi Mdogo wa Chunguni

Watu wengi hununua mwaridi mdogo wa chunguni, wakaufurahia mwezi mmoja, kisha ukawafia. Twataka kueleza sababu yake. Maana mara nyingi hauuawi na kiu, bali na maji.

Mizizi nayo yahitaji hewa. Maji yakituama chunguni hujaza nafasi za hewa zilizomo udongoni, mizizi ikaoza. Ndipo majani yageukapo manjano. Mwenyewe hudhani una kiu, akauongezea maji, akaumaliza.

Basi, twaeni chungu chenye tundu chini, kipana kuliko cha kwanza kwa inchi 2 tu. Changanyeni udongo mwema, samadi iliyooza na mchanga. Unywesheni mwaridi kwanza, mngoje muda wa saa moja. Kisha kipindueni chungu, mkiukinga kwa mkono, mtoe bonge zima pasipo kuikata mizizi. Upandeni kwa kina kile kile cha zamani. Uwekeni kivulini siku 7, kisha mahali penye jua la saa 6 kila siku.

Kabla ya kuumwagia, tieni kidole udongoni. Pakiwa pakavu, mwagieni hata maji yatokee chini, na yaliyobaki sahanini myatupe. Pakiwa na unyevu, uacheni hata kesho.