Hisa za Glencore: mchoro wa siku moja hautoshi kumwongoza mnunuzi

Mtu anayenunua hisa kwa kutazama mchoro wa bei wa siku moja tu anaweza kupoteza makuta yake, hata kama alichokiona ni cha kweli. Mfano ni Glencore, kampuni yenye makao yake Uswisi inayochimba shaba na kobalti huko Kolwezi, jimboni Lualaba.

Glencore iliingia soko la hisa la London mwezi wa tano 2011, hisa moja ikiuzwa pensi 530. Baadaye bei ya shaba ilishuka duniani, huku kampuni ikibeba deni la karibu dola bilioni 30. Mwezi wa tisa 2015 ilitangaza kusimamisha uzalishaji Kolwezi na kwenye mgodi wake mwingine nchini Zambia. Tarehe 28 ya mwezi huo, hisa zilianguka karibu asilimia 29 kwa siku moja, hadi chini ya pensi 70.

Kesho yake bei ilipanda kwa zaidi ya asilimia 15, na mwezi wa kumi ikapita pensi 110. Kwenye mchoro wa siku, ilionekana kwamba shida imekwisha. Lakini mchoro wa majuma ulikuwa ukiteremka bado. Mwezi wa kumi na mbili bei ilirudi chini ya pensi 90, na walionunua mwezi wa kumi wakapata hasara. Ni mwaka 2016 ndipo bei ilipopanda kweli, ikaongezeka zaidi ya mara mbili.

Wazo la kutazama vipindi mbalimbali si jipya. Charles Dow, mmoja wa waanzilishi wa gazeti la Wall Street Journal mwaka 1889, alisema soko lina miendo mitatu kwa wakati mmoja: mkubwa, wa kati na mdogo. Mwaka 1986 Alexander Elder, daktari wa magonjwa ya akili aliyeingia biashara ya hisa, aliigeuza fikra hiyo kuwa njia ya kazi.

Njia yenyewe ni hii. Mchoro wa majuma unaonyesha bei inaelekea wapi. Mchoro wa siku unatafuta mahali ambapo bei imepumzika kidogo ndani ya mwelekeo huo. Mchoro wa saa unachagua tu wakati wa kuingia. Michoro ikipingana, mnunuzi anangoja.

Kosa la wengi ni kufuata njia hiyo kinyume: wananunua kwanza, halafu wanahama kutoka mchoro mmoja hadi mwingine wakitafuta ule unaowapa haki. Na hakuna mchoro unaotangaza mapema kwamba mgodi utafungwa. Kwa hiyo pesa ya masomo ya watoto isiingizwe humo, hata kama michoro yote mitatu inakubaliana.